Mji wa Bwana Harusi

Marseille, 6 Oktoba 1991

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Aliyewatawanya waja Wake juu ya ardhi na Anayejua kila mmoja amelala wapi, na rehema zimshukie Mtume Wake, jamaa zake na sahaba zake.

Kwa dada yangu mpenzi Sitina binti Toihir, Hamjini, Ngazija. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, tu wazima. Magoti yangu hunikumbusha kila asubuhi miaka niliyochochea makaa melini, lakini sauti ingali inasomesha. Hadija mwanao anaendelea na kazi yake ya kupika hospitalini na anakuamkia. Upepo wa kaskazini umeanza, na kofia yangu nyeupe uliyoidarizi imekwisha kunikimbia mara mbili uani. Mara ya pili ilirudishwa na mtoto wa Kikabyle, wale wa Aljeria, aliyedai peremende kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mjukuu wako Fahima, binti wa kwanza wa Hadija, ameposwa. Kijana anaitwa Idir. Nimemsomesha Kurani kwa mkono wangu tangu hajui alifu, naye amehitimu. Ni fundi umeme bandarini, hasemi uongo, na akipita mtu mzima ngazini hujibana ukutani. Hadija aliniletea habari mimi, mjomba wake, kama ipasavyo, nami nimetoa neno.

Najua nyumba ya mama yetu imekuwa ikimngoja mtoto huyu tangu siku aliyozaliwa. Basi zitie mafuta bawaba za mlango, dada yangu. Harusi kubwa ya ada, mbele ya mji mzima, iwe Agosti, Inshallah, wakati jamaa wa huku wanaporudi.

Ni mimi nduguyo, Msaidie wa Toihir.


Hamjini, 9 Novemba 1991

Bismillahi.

Kwa kaka yangu Fundi Msaidie, mwalimu wa Kurani na aliye badala ya baba. Nakushika mikono yako miwili.

Sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa. Mbuzi wa Binti Mmadi ameingia shambani mwangu tena, na Binti Mmadi anasema mbuzi wake hawezi kufanya hivyo kwa kuwa amelelewa vizuri. Wasichana ninaowasomesha wamefika Yasini.

Kaka, barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikapiga kigelegele peke yangu uani mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeumwa na tandu. Alhamdulillah! Kuta za nyumba zimepakwa chokaa upya. Bawaba nimezitia mafuta. Nimewaambia wanawake wote wa kitongoji, nao wameshaanza kugombana nani atapika nini.

Wameniuliza swali moja tu, nami nilishindwa kuwajibu, kwa sababu wewe kwa furaha yako ulisahau kuandika. Kijana ni mtoto wa nani? Mji wake ni upi? Kama ni wa Hamjini, mama yake ninamjua na nitakwenda kumwamkia leo leo. Kama ni wa mji mwingine, wazee wetu lazima wawaandikie wazee wao.

Nijibu upesi.
Dada yako, Sitina.


Marseille, 15 Desemba 1991

Kwa jina la Mola Mwingi wa rehema.

Dada yangu Sitina, salaam nyingi, nami namwomba Mungu akupe mvua na ampe adabu mbuzi wa Binti Mmadi.

Baridi imeshuka, lifti ya jengo letu imekufa tena, nasi tunapanda kwa miguu tukipumzika kila ghorofa. Hata hivyo kuna heri ndani yake, kwani kila ghorofa ina mlango, na kila mlango una mtu. Chini yupo Bibi Assunta. Bila shaka unamkumbuka katika barua zangu za ujana. Nilipoteremka melini mara ya kwanza sina ninayemjua, ni mama yake aliyenipa chumba katika nyumba yao ya mtaa wa kale juu ya bandari. Watu wao walitoka Napoli. Assunta alikuwa msichana wa rika langu, na tangu siku aliyoambiwa kwamba sili nguruwe, alininunulia sufuria yangu peke yangu na kuapa kumkata mkono atakayeitumia. Sufuria hiyo anayo hadi leo. Mtaa ule wa kale sasa umejaa wageni wa kupiga picha, na sisi wote tumepanda huku kwenye majengo ya kaskazini, yeye na mimi tukifuatana.

Juu yake yupo Garabed, mshona viatu wa Kiarmenia. Kisha Wakabyle, kisha sisi Wangazija, na juu kabisa, tangu mwezi uliopita, Wakurdi waliokuja na mablanketi tu. Nilipohamia hapa, harufu ya ngazini ilikuwa ya nyanya na kitunguu saumu. Siku hizi mtu akipanda anapita nchi saba kabla ya kufika kwake, na akifika ana njaa.

Kijana Idir ni mtoto wa jengo letu hili. Kila mtu anamjua na kumsifu. Fahima anakusalimu sana.

Nduguyo, Msaidie.


Hamjini, 20 Januari 1992

Bismillahi.

Kaka, nakuamkia, nasi tu wazima, mvua imenyesha, na mbuzi amechinjwa. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Nilikuuliza mji, ukanijibu Waarmenia. Nilikuuliza mtoto wa nani, ukanieleza sufuria.

Mwana wa Abudu aliyeleta barua yako nilimkalisha kitako, nikampa chai, kisha nikamwuliza. Maskini alikunywa vikombe vinne akinitazama kama mwizi, halafu akasema: "Shangazi, baba yake Idir alikuwa Mkabyle, mchukuzi wa bandarini, ameshafariki. Mama yake ni binti wa Bibi Assunta." Kwa hiyo bibi wa sufuria ndiye bibi wa bwana harusi! Nawe umeandika kurasa mbili bila kalamu yako kuteleza hapo hata kidogo.

Sikiliza, kaka yangu. Baba yake ni Mwislamu na kijana amesoma kwako, kwa hiyo ndoa inaswihi. Mimi pia nimesoma. Na mama mtu, ambaye bibi yake ndiye aliyekupa chumba, sina neno naye. Lakini unajua nyumba hii mama yetu aliijenga vipi, na bibi yetu kabla yake aliweka jiwe la msingi. Ni nyumba ya wanawake wa uzao wetu, na mlango wake wa mbele haufunguliwi ila na bwana harusi aliyesindikizwa na mji wake. Akija peke yake atapita wapi? Mlango wa jikoni, kama mleta kuni? Na mjukuu wangu wa kwanza aolewe kama mjane, kimya kimya?

Wanawake wananiuliza kisimani: "Bi Sitina, mkwe wako mji wake umepata jina?" Nami natazama ndoo.

Ufunguo nimeufunga katika pindo la shiromani yangu, nguo ninayojitanda. Usiniandikie mpaka uwe na jibu.

Sitina.


Marseille, 12 Aprili 1992

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Aliyetuumba mataifa na makabila ili tujuane, kama Alivyosema, na kauli Yake ni haki.

Dada yangu mpenzi Sitina, Idi njema iliyopita. Mungu akutakabalie saumu na sala zako. Ulinikataza kuandika, nami nimetii. Nimenyamaza Rajabu na Shaabani, nimefunga Ramadhani na swali lako likiwa mbele yangu kila futari. Hadija amekonda. Fahima amenijia akaniambia: "Babu, mwambie bibi Idir ana mji, tena una lifti mbovu." Nilimkaripia, kisha nikakaa nikilitafakari.

Niliwaita wazee wetu wa Hamjini walioko huku katika chumba cha chini ninamosomeshea watoto. Mzee Mbae, unayemjua kwa ulimi wake, alisema: "Fundi, kijana hatuna shaka naye. Husali nyuma yetu kila Ijumaa. Ila atasindikizwa na nani? Na njiwa wa bandarini?" Watu wakacheka. Idir alikuwa amesimama mlangoni, maana nilimwita. Aliinama akaviweka sawa viatu vya wazee, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata tulikaa tena. Mlango ukagongwa kwa fimbo. Alikuwa Bibi Assunta, na nyuma yake Garabed amevaa suti ya mazishi, na nyuma ya Garabed ngazi nzima imejaa watu mpaka juu.

"We Msaidie!" akasema kabla hajaketi. "Eti mjukuu wangu hana mji? Na sisi hapa ni nini, magunia ya vitunguu?"

Mzee Mbae akamwambia kwa upole: "Mama, mji si watu wengi. Hata sokoni kuna watu wengi. Mji una wakubwa wanaokaa mbele na wadogo wanaobeba masinia. Nyinyi mkubwa wenu ni nani?"

Dada yangu, laiti ungekuwapo! Garabed alisimama akavua kofia. "Ni sisi. Baba yangu alishuka bandarini hapa miguu mitupu, hana nchi, hana hata kitambaa cha kujifutia machozi."

"Na aliposhuka," akasema Assunta, "nani alimpa samaki? Baba yangu! Tena bure! Kaa chini, Garabed, bado unanuka meli."

"Bure? Samaki yule alikuwa ameoza, baba alituhadithia mpaka kufa kwake!"

"Alioza kwa sababu baba yako alichukua saa nzima kusema asante!"

Chumba kizima kilicheka, wazee wetu wakishika mbavu. Lakini katika mzaha ule utaratibu ulikuwa umepatikana, nami niliuona kama mtu anavyouona mwezi wa Idi. Mji huu hauhesabu ukubwa kwa miaka ya mtu wala kwa karamu alizotoa. Unahesabu nani alimkuta nani bandarini. Wa Napoli waliwapokea Waarmenia, Waarmenia wakawapokea Wakabyle, na kila aliyepokelewa alipata wa kumpokea. Wakapangana papo hapo, safu kwa safu, wakisukumana kwa viwiko.

Kisha Bibi Assunta akatugeukia sisi. "Na nyinyi Wangazija, nani aliwapokea?"

Nikasema: "Wewe, mama, na Wakabyle."

"Basi sisi ni wakubwa zenu. Kahawa iko wapi?"

Sitina, mimi nimevaa mharuma, ile shali ya waliotimiza ada, kabla watoto wako hawajazaliwa. Hamjini sijashika sinia tangu siku hiyo. Niliinuka, nikalichukua. Mzee Mbae akanong'ona, "Fundi, kaa, unatuaibisha." Nikamjibu, "Mkubwa ameagiza." Akaguna, akainuka kufuata sukari.

Vikombe vilipokwisha kunywewa, Assunta aliuliza: "Mdogo kabisa ni nani? Vikombe vioshwe." Ikaonekana ni Wakurdi wa juu. Nikaona haya, maana ni watu waliofikwa na msiba. Lakini babu yao, Mzee Hama, aliruka juu kama kijana, akakunja mikono ya kanzu yake, akasema kwa maneno machache aliyojifunza: "Tangu nifike, hakuna aliyenituma kitu."

Basi hili ndilo jibu langu, dada yangu. Mji wa Idir unaitwa Marseille. Mbele hukaa wa Napoli, nyuma yao Waarmenia, kisha Wakabyle, kisha nduguyo na sinia lake, na vikombe huoshwa na Mzee Hama. Wako tayari kumsindikiza. Wamekwisha kuanza kugombana juu ya nguo.

Nakuomba, fungua lile fundo.
Msaidie.


Hamjini, 17 Mei 1992

Bismillahi.

Kaka yangu, salaam. Tu wazima. Wasichana wamehitimu.

Barua yako niliwasomea wanawake. Nilipofika kwenye samaki, Binti Mmadi alilazimika kutoka nje. Nilipofika kwenye sinia, wote walinisogelea, maana wanakujua. Kisha Mwana Shekhe, aliye mkubwa wetu, akasema: "Mji unaojua nani akae mbele, huo ni mji. Waandikieni waje."

Wazee wa kiwanjani nao wamekubali, ila wamesema wageni wa mji mkubwa namna hiyo lazima wachinjiwe ng'ombe, si mbuzi.

Nina swali moja. Huyo Bibi Assunta anakula pilau?

Fundo limefunguka. Lilikuwa limekaza sana, nilitumia meno.

Sitina.


Hamjini, 23 Agosti 1992

Kwa jina la Mwenyezi Mungu Mwenye kukusanya baada ya kutawanya.

Kaka yangu Msaidie, daktari wako Mungu amsamehe kwa kukukataza ndege. Hadija ni mzima, amelala saa hizi, miguu imemvimba kwa kucheza. Bibi harusi ni mzima. Nami nimepoteza sauti, kwa hiyo ni vyema kwamba hii ni barua.

Walikuja. Si ngazi nzima, lakini kila safu ilileta mtu wake, ila Wakurdi wasio na hati za safari. Garabed alivaa suti ile ya mazishi katika jua la Agosti na akakataa kuivua. Bibi Assunta aliteremka garini, akaniangalia juu mpaka chini, akasema neno. Fahima akatafsiri: "Anasema unafanana na Msaidie, ila wewe una heshima usoni." Nikamjibu kwamba yeye anafanana kabisa na barua. Tangu hapo hatukuachana. Yeye husema chake, mimi changu, na watu wanasema tunaelewana. Pilau alikula sahani mbili, kisha akaingia jikoni kutuonyesha makosa yetu. Binti Mmadi amepata mtu wa kiasi chake.

Siku ya zifafa, alipokuwa akisindikizwa kwa bibi harusi, Idir alivaa joho lako ulilotuma. Lilimpita vifundoni, maana wewe ni mrefu kuliko yeye, hivyo tulilikunja kidogo. Walianzia kwa jamaa wa mtaa wa chini, Assunta mbele na fimbo yake, kisha Garabed, kisha Wakabyle na ngoma zao, kisha vijana wetu wa huko wamebeba masinia kama ulivyofundisha. Wanawake wamejaa juu ya sakafu za paa wakimwaga asumini.

Walipofika kiwanjani, wazee wetu waliwazuia, kama desturi. Msemaji akauliza: "Ni mji gani unaotuletea mtu?"

Idir alikuwa amejifunza jibu. Nilimwona akifungua kinywa. Lakini, kaka, hakupata nafasi. Watoto wa Hamjini waliokuwa wamepanda ukutani, kisha wanawake juu, kisha wazee wenyewe waliouliza, wote walijibu kwa sauti moja: "Marseille!"

Garabed alivua kofia, akasimama hivyo mpaka alipokumbushwa kutembea.

Nilifungua mlango kwa mkono wangu. Bawaba hazikutoa hata mlio.

Assunta amenipa mimi ile sufuria. Alikuja nayo magotini safari nzima. Anasema sasa una jamaa wa kukupikia ukija nyumbani, yeye amechoka.

Dada yako mwenye furaha, Sitina.


Marseille, 20 Septemba 1992

Kwa jina la Yeye ambaye kwake ndiko marejeo ya safari zote.

Dada yangu Sitina, warahmatullah. Idir na Fahima wamewasili salama, na kofia mpya uliyonishonea iko kichwani, imefungwa kwa kamba kwa ajili ya upepo.

Barua yako niliisoma uani, jengo zima likisikiliza, Fahima akitafsiri huku na Idir kule. Nilipofika penye "Marseille!" sikuweza kuendelea, na Mzee Mbae, badala ya kunikebehi, alinishika bega. Assunta alidai niirudie sehemu ya pilau, akisema umepunguza: zilikuwa sahani tatu.

Nikuongezee moja kisha nifunge. Wiki hii imefika familia kutoka Bosnia, Waislamu, wamekimbia vita, baba na mama na binti wawili. Wamepewa nyumba ya ghorofa ya juu, jirani na Wakurdi. Siku mbili mlango wao haukufunguka. Siku ya tatu nilimwona Mzee Hama amekaa kwenye ngazi, anapangusa sinia letu la kahawa kwa kitambaa, upande huu na upande ule, mpaka likang'aa. Nikamwuliza anafanya nini. Alisimama, akanyoosha kanzu yake, akaenda akagonga. Baba wa watu alipochungulia kwa hofu, Mzee Hama alimpa sinia kwa mikono miwili, kwa heshima kuu, kama mtu anayekabidhi cheo.

"Karibu," akamwambia. "Utaanza na vikombe."

Yule mtu alilitazama sinia, akatutazama sisi, kisha akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao.

Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako, dada yangu, na mlango wake uliofunguka, na wote watakaouingia. Ambariki kila atakayesoma barua hii na jamaa zake waliomo nyumbani, awape wa kuwapokea wanapofika na wageni wa kuwapokea wanapokuwa wenyeji, na atukutanishe sote mahali ambapo hakuna atakayebaki nje ya mlango. Amina.

Nduguyo mbeba sinia,
Msaidie wa Toihir.